Zamu, Haki na Kiraka: Historia ya Kipangazamu cha Linux na Maneno Yetu



Mada ya mhadhara huu haizungumzwi sana katika majukwaa ya taaluma za Kiswahili. Inahusu sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya mfumo endeshi wa kompyuta, ile inayoamua kazi ipi iitumie prosesa sasa hivi na ipi isubiri. Inahusu pia namna mabadiliko ya sehemu hiyo yanavyokaguliwa kabla ya kukubaliwa. Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, jambo hili linawahusu nini wanafunzi wa lugha. Jibu langu ni kwamba historia ya sehemu hiyo ni historia ya mabishano juu ya maana ya neno moja, na neno hilo tunalo.

Msamiati wa kompyuta wa Kiswahili ulikua kwa kasi mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows katika muongo huo huo. Kazi hizo zilikuwa kubwa na zinastahili heshima. Lakini tukiitazama orodha ya istilahi zilizozaliwa wakati huo, faili, hariri, hifadhi, kivinjari, nenosiri, tunaona kwamba karibu zote ni maneno ya mtu aliyekaa mbele ya kioo akibonyeza. Tumempa mtumiaji lugha ya kuiamuru mashine. Anayetaka kuihoji, kuuliza kwa nini imeamua hivi na si vile, hatujampa lugha. Nyaraka za kiini cha Linux hubeba ndani yake tafsiri za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Hadi toleo la 6.12 la Novemba 2024, Kiswahili hakikuwamo.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, niseme kidogo juu ya mahali tulipokutania. Babati imekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Imekaa penye njia panda ya barabara kuu ya kutoka Arusha, mkono mmoja ukielekea Singida na mwingine Kondoa na Dodoma. Katika sehemu hii ya Bonde la Ufa, Kiiraqw na Kigorowa, ambazo ni lugha za Kikushi, zinakutana na Kidatoga cha Kinailo, na Kirangi na Kimbugwe za Kibantu. Na kusini zaidi wako Wasandawe, ambao lugha yao wanaisimu wa zamani waliiweka katika kundi la Khoisan na wa sasa bado wanaibishania. Katika mazingira kama haya Kiswahili ndicho lugha ambayo watu wasio wa lugha moja hugawanyia vitu vichache kwa watu wengi: nafasi stendi, maji mferejini, meza mnadani. Maneno ya kugawana, kwa hiyo, yamepitia mtihani mgumu kuliko ule wa kamati zetu za istilahi.

ZAMU

Prosesa moja hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Mtumiaji huona kompyuta yake ikicheza muziki, ikipokea barua pepe na kuchapa waraka kwa pamoja, lakini ndani kila kazi hupewa sehemu ndogo ya sekunde, ikasimamishwa, ikaingia nyingine. Sehemu ya kiini inayofanya uamuzi huo ninapendekeza tuiite kipangazamu, katika ngeli ya KI-VI kama kivinjari. Wapo watakaosema "kiratibu". Sina ugomvi nao, ila ratiba huandikwa mapema na kubandikwa ukutani, ilhali uamuzi huu hufanywa upya mara mamia kwa sekunde kulingana na waliopo.

Neno zamu lenyewe lina safari ndefu. Katika maandishi ya mabaharia wa Kiarabu wa karne ya 15, akiwamo Ahmad ibn Majid, zam ni kipimo cha safari ya saa 3, na mchana na usiku mmoja una zam 8. Kipimo cha umbali na kipindi cha kushika lindo chomboni vilikuwa kitu kimoja. Kiswahili kikachukua upande wa lindo, ndiyo maana hadi leo askari na muuguzi hushika zamu. Tofauti yake na foleni, neno lililotokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kujipanga mstari, ni ya maana kwetu. Foleni inakwambia nani yuko mbele ya nani. Zamu inakwambia pia kwamba muda wako una mwisho, na kwamba ukiisha utarudi tena baadaye. Kompyuta za miaka ya 1950 zilikuwa na foleni: kazi moja iliendeshwa hadi ikaisha, ndipo inayofuata ikaanza. Zamu iliingia na mfumo wa CTSS ulioonyeshwa na Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, Novemba 1961.

Pamoja na zamu likaja tatizo la anayesahauliwa. Vitabu vya kufundishia husimulia kwamba kompyuta moja ya IBM 7094 ilipozimwa MIT mwaka 1973, ilikutwa ndani yake kazi ya kipaumbele cha chini iliyowasilishwa mwaka 1967 na ambayo ilikuwa haijapata kuendeshwa. Ukweli wa kisa hicho sitauapia. Lakini hali yenyewe ipo, na wahandisi huiita kwa jina la njaa. Hapa tafsiri haina kazi ya kufanya, kwani mtu wa Manyara haelezwi maana ya njaa.

HAKI

Linus Torvalds alitangaza mradi wake huko Helsinki Agosti 1991. Kipangazamu cha miaka ya mwanzo kilikuwa chepesi kueleweka: kila zamu ilipokwisha, kiini kiliwapitia wote waliokuwa tayari, kikampa kila mmoja alama, kikamchagua mwenye alama nyingi. Palipokuwa na kazi kumi hapakuwa na shida. Palipokuwa na maelfu, kiini kilitumia muda mwingi kuhesabu waombaji kuliko kuwahudumia. Ingo Molnar, mhandisi kutoka Hungaria, akaleta mwaka 2002 mpango uliotenga ngazi 140 za kipaumbele, 100 kwa kazi za wakati halisi na 40 kwa kazi za kawaida, ambapo kumpata anayefuata kulichukua muda ule ule hata waombaji wawe wangapi. Toleo la 2.6 lililotoka Desemba 2003 lilikuja na mpango huo.

Kasi ilipatikana, lakini kwa gharama. Ili muziki usikatike wakati kazi nzito inaendelea, kipangazamu kilibidi kikisie ni kazi ipi inayomtumikia mtu aliyekaa mbele ya kioo. Kilikisia kwa kutazama nani hulala sana akisubiri kibodi au diski. Kanuni zikaongezwa juu ya kanuni, na kila kiraka kilichoponya programu moja kikaumiza nyingine. Yeyote aliyewahi kusoma sheria ndogo iliyorekebishwa mara nane anaijua hali hiyo.

Aliyeipinga kwa nguvu zaidi hakuwa mhandisi kwa taaluma. Con Kolivas alikuwa daktari wa usingizi nchini Australia, aliyejifunza kuandika msimbo kwa sababu kompyuta yake ya nyumbani ilikwama-kwama. Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba kukisia tabia za kazi ni kuwapendelea wanaojua kujifanya, na kwamba inatosha kugawa sawa. Machi 2007 alitoa kipangazamu kilichoonyesha kuwa jambo hilo linawezekana. Mwezi uliofuata, Aprili 2007, Molnar naye alitoa chake, alichokiandika kwa maelezo yake mwenyewe ndani ya saa 62, akimtaja Kolivas kuwa ndiye aliyethibitisha njia hiyo. Kilijulikana kwa herufi CFS, yaani kipangazamu cha haki kamili. Kikapokelewa katika toleo la 2.6.23 la Oktoba 2007. Kolivas akaondoka, akiwa na uchungu ambao nadhani ulikuwa na msingi. Torvalds, alipoulizwa, alieleza kwamba hakupima msimbo peke yake bali pia jinsi kila mmoja alivyoyapokea malalamiko ya watumiaji. Tutarudi kwenye kauli hiyo.

CFS iliweka kwa kila kazi daftari la muda iliokwisha kutumia. Anayechaguliwa ni yule aliyetumia kidogo kuliko wote. Asiye na uzito wa ziada huhesabiwa muda kama ulivyo. Mwenye uzito mkubwa saa yake huenda polepole, kwa hiyo hupata zaidi. Uzito wa kawaida ni 1024, na kila hatua moja ya kushuka huugawa kwa takriban 1.25, kiasi kwamba kazi mbili zilizotofautiana hatua moja hugawana prosesa kama asilimia 55 kwa 45. Hatua hizo, kuanzia -20 hadi 19, zina jina la Kiingereza lenye maana ya upole. Nimesikia pendekezo la kuziita "uungwana", kwa kuwa mwungwana hupisha. Sikubaliani nalo: historia ya neno hilo pwani ni ya nani alikuwa huru na nani alikuwa mtumwa, na tutakuwa tumeuingiza utabaka mahali usipotakiwa. Kitenzi kupisha kinatosha, tuseme "kiwango cha kupisha".

Sasa tufike kwenye swali gumu, ambalo lilichukua miaka 16 kupata jibu lililowaridhisha wengi. Chukulia mfereji mmoja katika mashamba ya mpunga ya Magugu, kaskazini ya mji huu, unaowahudumia wakulima wanne kwa zamu ya saa 3 kila mmoja. Mmoja wao anasafiri siku kumi kwa ajili ya msiba. Akirudi, je, adai saa zote zilizompita? Akizidai na kupewa, wenzake watatu watakaa bila maji kwa siku nzima na zaidi. Akinyimwa zote, maana yake zamu yake haikuwa mali yake, ilikuwa tu bahati ya kuwapo. Na yule mwingine aliyechukua saa 4 badala ya 3, kisha akaenda kulala, akiamka ahesabiwe kama wengine?

Kazi za kompyuta hulala na kuamka mfululizo, na kwa hiyo swali hili huulizwa ndani ya kiini bila kukoma. CFS ilimpa anayeamka fidia yenye kikomo, na mwaka 2009 kikomo hicho kikapunguzwa kwa nusu kwa kuwa waamkaji walikuwa wakiwasukuma wengine kupita kiasi. Ulikuwa usuluhishi wa kibusara, lakini haukuwa na kanuni nyuma yake. Kanuni ilikuwapo tangu miaka ya 1990 katika kazi ya Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab, na Peter Zijlstra, mmoja wa watunzaji wa kipangazamu, akaileta katika Linux. Ilipokelewa katika toleo la 6.6 la Oktoba 2023 na hujulikana kwa herufi EEVDF. Kila kazi ina salio: tofauti kati ya muda iliostahiki kupata na muda iliopata kweli. Aliyepata pungufu anadai, aliyezidisha anadaiwa. Anayedaiwa haruhusiwi kuchaguliwa. Miongoni mwa wasiodaiwa huchaguliwa yule ambaye muda wake wa mwisho wa kuhudumiwa uko karibu zaidi. Katika toleo la 6.12 likaongezwa jambo ambalo mzee yeyote wa mfereji angelikubali: aliyezidisha akienda kulala haondolewi mara moja katika foleni, hubaki humo mpaka deni lake liishe, asije akaamka baada ya kitambo akijifanya mpya.

Nawaomba wanaisimu walitazame neno haki hapa. Kiingereza kilikuwa na neno moja la kugawa kwa usawa, na hilo ndilo lililowekwa katika jina la mwaka 2007. Lilipoonekana halitoshi, ikabidi yaletwe maneno mengine kutoka kwingine, la salio na la kustahiki, ambayo kwa sikio la Kiingereza hayana undugu na lile la kwanza. Katika Kiswahili haki ni usawa wa mgawanyo na pia ni kile ambacho mtu anadai kuwa chake: tunasema "amegawa kwa haki" na tunasema "nipe haki yangu". Na kustahiki linatokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa haki. Mabadiliko ya kutoka CFS hadi EEVDF, yaliyoonekana kama kubadili nadharia, kwa Kiswahili yanaweza kuelezwa kama kuhama kutoka maana moja ya haki hadi nyingine. Sisemi kwamba Mswahili angeligundua kanuni hiyo mapema. Nasema mwanafunzi akifundishwa kwa maneno haya ataona mara moja uhusiano ambao msomaji wa Kiingereza hulazimika kuelezwa.

KIRAKA

Mabadiliko ya kiini huletwa kwa viraka. Neno hili limekuja lenyewe, kwa kuwa Kiingereza nacho kilikopa kutoka kwa fundi cherehani. Kiraka ni karatasi ya mistari: yenye alama ya kutoa ni ile inayoondolewa, yenye alama ya kujumlisha ni ile inayoingia. Juu yake huandikwa maelezo ya sababu, na chini yake, tangu 2004, tamko lenye jina la mletaji kwamba ana haki ya kukitoa. Mkaguzi akiridhika huongeza jina lake. Jina hilo si pongezi. Maana yake ni kwamba kikiharibika kesho, naye ataulizwa.

Mkaguzi hutafuta nini? Nitatoa mfano mmoja mdogo kwa sababu Mswahili ana faida ndani yake. Daftari la muda ni namba ya biti 64, na namba hiyo ikijaa hurudi sifuri. Msimbo unaolinganisha madaftari mawili kwa kuuliza tu ipi ni kubwa utatoa jibu la uongo siku hiyo. Mlinzi wa usiku hapa Babati anayeanza saa 12 jioni na kupokewa saa 4 usiku hadhani kwamba 4 imetangulia 12 kwa kuwa ni ndogo. Anatazama zimepita saa ngapi kutoka moja hadi nyingine. Kiini nacho hutoa namba moja katika nyingine na kutazama kama tofauti ni hasi au chanya. Tena watunzi wa CFS walifanya hila ya kupendeza. Kwa nanosekunde, namba hiyo ingechukua zaidi ya miaka 580 kujaa, na kosa lingeweza kujificha milele. Basi wakaianzisha ikiwa imebakiza 1,048,576 tu, ambazo ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, ili kila kompyuta ikiwashwa ipite ukingoni mara moja na kosa, kama lipo, lijionyeshe siku hiyo hiyo.

Hata hivyo ukaguzi una mipaka. Mwaka 2016 Jean-Pierre Lozi, Alexandra Fedorova na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha makosa manne ambayo yaliacha prosesa zikikaa bure wakati kazi zikisubiri, mengine kwa miaka mingi, yakiwa yamepita mbele ya macho ya wakaguzi hodari. Moja lilitokana na wastani. Ili kujua kundi gani la prosesa lina nafasi, kiini kililinganisha wastani wa mzigo wa kila kundi. Kundi lenye prosesa moja iliyolemewa sana na nyingine tupu lilionekana limejaa kama jirani yake, na hakuna aliyevushwa kwenda kujaza zile tupu. Dawa yao ilikuwa kulinganisha aliye na mzigo mdogo kuliko wote badala ya wastani. Kiraka kile cha zamani kilisomeka vizuri, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni swali.

Hapa ndipo inaporudi kauli ya Torvalds ya mwaka 2007. Kosa la namna hii halionekani kwa kusoma mistari, linaonekana kwa mtumiaji anayesema kompyuta yake ni nzito bila kujua sababu. Kipangazamu kinahitaji mtunzaji atakayemsikiliza mtu huyo. Nao mtu huyo lazima aweze kusema. Malalamiko ya aina hiyo huandikwa kwa Kiingereza, pamoja na vipimo, kwa watu wasio na subira. Mwanafunzi wa sekondari hapa Babati anayetumia simu ya Android, ambayo ndani yake kuna kiini hiki hiki cha Linux, ana kipangazamu mfukoni kinachofanya maamuzi mamia kwa sekunde. Simu yake ikikwama, neno alilo nalo ni moja: "inasumbua". Haoni kwamba kuna tofauti kati ya kusubiri kwa muda mrefu na kufanyiwa kazi chache, wala kwamba mara nyingi moja hununuliwa kwa kupoteza nyingine. Wahandisi wana istilahi mbili kwa hayo. Mimi kwa sasa nasema "usubirifu" na "wingi wa kazi", na la kwanza halinifurahishi, kwa kuwa kusubiri kwetu kunakaribia mno fadhila ya subira.

Tangu toleo la 6.12, baada ya mabishano marefu ambamo Zijlstra mwenyewe alipinga na Torvalds akaamua Juni 2024 yaingie, kiini kinaruhusu pia mtu kupakia kipangazamu chake mwenyewe bila kukijenga upya. Mlango ambao Kolivas aliukuta umefungwa sasa umefunguliwa kidogo kwa yeyote mwenye wazo la haki na uwezo wa kuliandika.

Waraka wa EEVDF uliomo katika nyaraka za kiini ni mfupi, hauzidi kurasa mbili. Nimependekeza kwa idara yetu kwamba wanafunzi wa istilahi na wa sayansi ya kompyuta waufasiri pamoja muhula ujao, kisha tafsiri ipelekwe kama kiraka, ikaguliwe na kurudishwa kama viraka vingine. Maneno yatakayoshindikana yaorodheshwe kando, na orodha hiyo iletwe hapa.